Joto Lililotajwa Zizini

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na desturi moja. Kila alipoingia darasani baada ya chakula cha mchana, alisimama mlangoni, akavuta shati lililomganda mgongoni, akayatazama mabati ya paa kana kwamba ndiyo yaliyomwandikia barua ya uhamisho, kisha akasema, "Hot as hell." Hakuwa akituambia sisi. Sisi tulikuwa tumekaa chini ya mabati hayo hayo tangu asubuhi, na hakuna aliyetuuliza tunaonaje.

Neno hilo halikuwa lake peke yake. Karani wa posta alilisema akilamba stempu. Daktari wa hospitali alilisema akijipepea na kadi za wagonjwa. Wake za maofisa walilisema sokoni wakichagua nyanya, na muuza nyanya akaitikia kwa kichwa bila kujua ameitikia nini. Wote walitoka nyanda za juu, kwenye migomba na ukungu wa asubuhi, na wote waliamini kwamba kuletwa Isiolo ni adhabu ya kosa ambalo hawakulitenda. Serikali iliwaongezea kitu kidogo kwa taabu ya kuishi kwetu. Sisi tuliozaliwa pale hatukuongezewa chochote, labda kwa sababu taabu yenyewe ilikuwa ni sisi.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Wasichana wa Kiborana tuliofika kidato cha kwanza tulikuwa wachache, na tulilipenda neno lile vibaya sana. Tulilisema nyuma ya tangi la maji, tukiiga sauti ya mwalimu, tukacheka mpaka tukashikana mabega. Tulijua maana yake, na ndiyo maana tulilisema nyuma ya tangi. Nyumbani hakuna aliyethubutu. Jahannam haikuwa kitu cha kufananishia mchana wa Jumanne.

Nyumbani, kwa kweli, joto halikuwa habari. Mtu akitoka malishoni midomo imepasuka na macho yamekuwa mekundu, ukimuuliza kama kuna amani atakujibu, "Nagaa," yaani amani. Ukiuliza ng'ombe wana amani, nagaa. Watoto, nagaa. Baada ya hapo, chai ikishamiminwa, ndipo anapokwambia kwamba kisima kimekauka na ndama wamekufa. Neno la amani hutangulia, neno baya hufuata. Anayegeuza mpangilio huo si kwamba hana adabu tu. Anaonekana ameleta ubaya huo yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Zizini sheria ilikuwa kali zaidi. Mgeni akifika langoni pa zizi hasemi lolote kabla hajawabariki ng'ombe. "Horaa bulaa," atasema, maana yake waongezeke na waishi, na waliomo ndani wataitikia. Baadaye akitaka kuwasifia, kuwanunua, hata kuwagombania, ni juu yake. Ila neno la kwanza ni lao. Baba yangu aliamini kwamba ng'ombe husikia neno hilo la kwanza na kulibeba mgongoni popote waendapo.

Baba yangu hakuwa tajiri. Vita vya miaka ya sitini vilikuwa vimemwachia fimbo na watoto, na kwa miaka mingi baada ya hapo alikuwa ameanza upya, mtamba mmoja mmoja, huku akichunga ng'ombe wa ndugu zake ili apewe ndama. Siwezi kusema alikuwa amefikisha wangapi, kwa kuwa kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo, nami sitaanza leo. Walitosha. Walitosha mtu aitwe jina lake tena kwenye vikao. Mtu asiye na ng'ombe, kwetu, hata salamu yake huitikiwa polepole.

Mwaka mmoja, nikiwa bado shuleni, mvua ilikuwa imekataa, na malisho yetu ya Biliqo yalikuwa yamebaki vumbi. Baba akaamua kuwaswaga wote mpaka Isiolo, yeye na kaka yangu mkubwa, kandokando ya mto. Alikuwa na mpango mzuri. Madume angemuuzia mfanyabiashara wa nyanda za juu aliyekuwa akisubiri mjini, na kwa ambacho angepata angewakodia majike malisho huko huko juu, kwenye nyasi na baridi, mpaka mvua irudi. Majike wangepona, wangezaa, naye angerudi Biliqo akiwa mtu. Hilo tu ndilo alilotaka, nalo lilikuwa karibu kiasi kwamba mama alianza kuimba akipika.

Lakini ng'ombe wa kaskazini hawakuruhusiwa kupanda nyanda za juu hivi hivi. Ilibidi wakae kwanza kwenye boma la serikali nje ya mji, mpaka ofisa wa mifugo awapime na kuwaandikia kibali. Boma lilikuwa la waya na miti iliyokauka, lenye hori la saruji ambalo lori la maji lililijaza siku lilipojisikia. Ofisa alikuwa kijana, mgeni, ndiyo kwanza ameletwa. Tulimsubiri. Kila asubuhi tuliambiwa atakuja, na kila jioni tukaambiwa alikuwa na mkutano. Ng'ombe walikuwa wamechoka na safari, mbavu nje, lakini walikuwa wakinywa maji, walikuwa wamesimama. Mimi nilikuwa likizo, nikawa napeleka chai pamoja na mama, aliyekuwa amefikia kwa ndugu mjini.

Siku aliyokuja alikuja saa sita mchana. Nilikuwa hapo, kwa hiyo sihadithii ya kusikia. Baba alipoiona Landrova ikitimua vumbi alijifunga shuka upya, akachukua kibuyu cha maziwa aliyokuwa amekama asubuhi kutoka kwa jike pekee aliyekuwa bado na maziwa, akaenda kusimama langoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo Waswahili. Baba alikuwa tayari kupona.

Ofisa akashuka. Dereva wake, Mmeru mmoja mnene tuliyemjua sana mjini, akashuka pia. Ofisa alifika langoni, akashika waya, akauachia haraka maana ulikuwa unaunguza, akatoa leso akajifuta shingo. Baba alimwinamishia kichwa. Alikuwa anangoja neno la kwanza. Ng'ombe wote walikuwa wamegeuza vichwa kutazama, kama wafanyavyo mtu mpya akifika. Naye ofisa akawatazama, akatoa pumzi, akamwambia dereva, "Hot as hell. This place is hot as hell."

Kisha akamgeukia baba kwa Kiswahili. "Mzee, leo haiwezekani. Hii joto imezidi. Hata hao ng'ombe ukiwashika saa hii wataanguka. Nitakuja kesho, asubuhi na mapema, tumalize hiyo maneno."

"Kesho," baba akasema.

"Kesho asubuhi kabisa. Jua ikiwa bado chini."

Maziwa hakuyagusa. Sidhani aliyakataa, nadhani hakuyaona. Dereva ndiye aliyeyaona, akamwambia baba, "Pole mzee, huyu hajazoea," kisha wakaingia garini na vumbi likarudi lilikotoka.

Baba aliniita. Aliongea nami Kiborana, kwa sauti ya chini. "Alisema neno moja kwanza, kwa Kizungu, akiwatazama. Aliwabariki?"

Kuna watu wa nyumbani kwetu waliosema baadaye kwamba afadhali ningejibu ndiyo. Shangazi yangu alisema hivyo mpaka anaingia kaburini. Asiyejua maana haambiwi maana, akanitolea methali. Lakini baba alinipeleka shule akigombana na ukoo mzima, na sababu aliyowapa ilikuwa hiyo hiyo: nyumbani kuwe na mtu atakayetuambia hawa watu wanasema nini. Aliniuliza, nikamwambia. Sijajuta hata siku moja, na wanaotaka nijute watangoja sana.

"Hakubariki," nikasema. "Amesema hapa pana moto kama Jahannam."

"Alisema hivyo? Langoni?"

"Ni kawaida yao, baba. Wanasema tu wakihisi joto. Hata mwalimu husema."

"Mwalimu wako anasema mbele ya ng'ombe?"

Baba alikimimina kibuyu chote chini, penye kwato, midomo yake ikiomba. Halafu akakaa kivulini mwa hori, kivuli chenyewe chembamba kama mkanda, mpaka jua lilipoanza kulegea. Alipoinuka alikuwa ameshaamua. Ng'ombe hawatalala hapo. Watakwenda Kinna, kwa dada yake, ambako kuna maji.

Kaka yangu alimkumbusha kwamba kesho yake asubuhi wangepata kibali. Mama alimwambia kwamba Kinna ni mbali na njia nzima ni kavu, kwamba wanyama hawa hawawezi tena. Mama hakuwa mwoga wa baba. Alisimama langoni na mikono yake kaipanua, akasema, "Basi pita juu yangu kwanza." Nilikuwa sijawahi kuona hivyo. Baba hakumkaripia. Alimwambia tu, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, "Huko juu watakwenda na neno hilo mgongoni. Watakufa kwenye nyasi, ng'ombe wa watu wacheke. Bora niwatoe hapa, niwape neno lingine njiani." Mama akashusha mikono. Nafikiri hata yeye aliamini, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Wakaondoka alasiri hiyo, baba mbele na kaka yangu nyuma, baba akisema "horaa bulaa, horaa bulaa" kwa kila mnyama aliyepita lango, sauti imemkauka.

Asubuhi mimi na mama tulirudi bomani kuchukua sufuria na ngozi za kulalia. Jua lilikuwa bado halijapanda mti. Tukasikia gari. Alikuwa ni ofisa. Amekuja alivyosema, asubuhi na mapema, na mkoba wa sindano na kitabu cha vibali kwapani. Nimekuwa nikimchukia mtu huyu sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo linaloniudhi kuliko yote ni kwamba alitimiza ahadi.

"Wako wapi?" akaniuliza.

"Wameenda."

"Wameenda wapi? Si nilisema nitakuja asubuhi? Hamkunielewa?"

Nilijua Kiingereza cha kutosha kumjibu. Nilijua pia kwamba hakuna Kiingereza cha jibu hilo. Ningemwambia nini, kwamba alikuwa amewalaani kwa kujifuta jasho? Angecheka. Mama alinitazama, akingoja nitafsiri kitu, nami nikainama kukunja ngozi. Ofisa aligeuza macho kwenye boma tupu, akamwambia dereva kwa Kiswahili, wala hakujisumbua kupunguza sauti, "Hawa watu hawasaidiki." Yule Mmeru akashuka garini. Alitusaidia kufunga mzigo, akatubeba mpaka mjini.

Ng'ombe walianza kuanguka siku ya pili. Kaka yangu ndiye aliyetusimulia, baba hakusimulia kamwe. Mabwawa yote yaliyo njiani yalikuwa tope lililopasuka. Madume, ambao wangekuwa tayari kwenye lori la mfanyabiashara, waliangukia barabarani na fisi hawakungoja hata wafe. Majike waliofika Kinna walifika wakiwa hawana nguvu ya kufukuza nzi, na huko upande wa Rapsu kuna mbung'o, nzi wa ugonjwa wa malale, asiyemwonea huruma mnyama dhaifu. Kabla mvua hazijarudi, baba alikuwa amebaki na fimbo. Ng'ombe wa maskini hazai, watu husema. Wa baba yangu walizaa vizuri tu. Waliuawa na mdomo.

Kwa muda baba alikuwa na wa kumlaumu, na lawama ni chakula pia. Alimsimulia kila mtu aliyemkaribia habari za kijana aliyekuja langoni na moto mdomoni. Watu waliguna, wakatikisa kichwa, wakamwambia amefanya sawa kuwatoa. Hakuna mzee hata mmoja aliyesema kinyume. Walau alikuwa amepoteza mali kwa haki.

Halafu hilo nalo likachukuliwa. Ilikuwa kiangazi kilichofuata, baada ya swala, na mwalimu wa msikiti alikuwa akifundisha kwa nini inafaa kuchelewesha adhuhuri siku za joto kali. Akaeleza kwamba Mtume mwenyewe alifundisha hivyo, na kwamba ukali wa joto unatokana na pumzi ya Jahannam. Baba alikuwa safu ya pili. Alirudi nyumbani na viatu vyake mkononi, sijui kwa nini hakuvivaa, na ardhi ilivyokuwa inaunguza.

Akaniita nje. "Yule mtu wa langoni. Niambie tena alisema nini, usipunguze."

Nikarudia.

"Joto hili na Jahannam."

"Ndiyo, baba."

"Basi hakukosea," akasema. "Alisema kweli." Akakaa chini kwenye kizingiti. Sikumwona akilia. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, kama mtu aliyebeba gunia kutoka mbali na kuambiwa halikuwa lake. Nilitaka kumwambia kwamba ukweli si kitu, kwamba hata ukweli una mahali pake pa kusemwa, kwamba mgeni huanza na amani. Yeye ndiye aliyenifundisha hayo. Lakini alikuwa haniulizi tena. Toka siku hiyo hakumtaja yule ofisa, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshahamishwa kurudi nyanda za juu, alikotaka.

Baba alijaribu kulima. Walimpa kishamba Rapsu, kwenye mifereji, apande mahindi pamoja na wengine waliomalizika kama yeye. Alishika jembe kama mtu anayeshika nyoka. Mahindi yaliota, nyani wakala, mto ukapungua, yaliyobaki yakakauka. Alirudi mjini miaka ya themanini ilipoanza, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimekuwa mwalimu na najua watu, nilimwombea kazi. Akawa mlinzi wa lango la nyumba za wafanyakazi wa serikali. Walimpa koti kubwa la kaki la mikono mirefu, kwenye joto lile, na rungu. Niliona fahari kumpatia. Nilidhani nimemrudisha mtu mahali pake.

Siku moja ya shule nilimpelekea chakula mwenyewe, mchana, mtoto niliyekuwa namtuma akiwa mgonjwa. Nilikuwa bado upande wa pili wa barabara nilipoona gari limesimama langoni. Ndani walikuwa vijana wa ofisi, wapya, vioo vimeshushwa, mashati yamelowa. Mmoja akatoa kichwa.

"Mzee! Hali ya hewa leo?"

Baba yangu alisimama wima. Akaweka rungu kwapani, akapiga saluti, na kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti nyembamba ya kuchekesha watoto, akasema, "Hoti asi heli, sa!"

Gari zima lilipasuka kwa kicheko. "Umesikia? Tena mzee! Sema tena!" Akasema tena. Wakampa sigara, akaichomeka nyuma ya sikio, akawafungulia lango. Ilionekana wazi kwamba haikuwa mara ya kwanza. Ulikuwa mchezo wao, wa kila siku pengine, na yeye alijua mahali pa kutua ili wacheke.

Nilivuka barabara. Sikumsalimu. Mwenye kugeuza mpangilio siku hiyo nilikuwa mimi. "Baba, unajua unachowaambia hao?"

"Wewe ndiye uliyenipa maana yake."

"Basi kwa nini unasema? Wewe! Wewe uliyewatoa wanyama bomani kwa sababu ya neno hilo!"

Alichukua chakula mikononi mwangu, akakiweka juu ya jiwe kivulini, akakifunua kuona ni nini. Ulikuwa wali na maharagwe. Akaifunika tena sahani ile polepole, akatazama ndani ya lango, kwenye ua wa saruji, magari mawili na kamba ya nguo.

"Sema lolote utakalo," akaniambia. "Hapa hakuna ng'ombe."